Fundi Aliyeipika Sauti ya Wifi

Jumamosi nilimsindikiza wifi yangu studio, Tegeta, arekodi wimbo wa kumtumia mama yake anayeumwa Masasi. Aliimba mara moja tu, vizuri, nikadhani tunaondoka.

Fundi akageukia kompyuta. "Sista, sauti yako baridi. Naitia joto kidogo." Akafungua plagini, programu ndogo inayoiga mitambo ya valvu ya redio za zamani, sauti ikaanza kukwaruza. Akahamia kwenye ekwalaiza, akakata besi, akapandisha ukali, huku amefumba macho na kutikisa kichwa kana kwamba ndiye aliyeimba.

"Mie naomba ile ya kwanza," wifi akasema taratibu.

"Ile bado mbichi, sista. Niamini."

Mchana wote ukaishia pale. Tulichopewa, ile iliyopikwa, ndicho wifi alichomtumia mama yake.

Mama akasikiliza, akapiga simu. "Wimbo mzuri, mwanangu. Lakini mbona wewe hukuimba?"

Wifi akamwimbia papo hapo kwenye simu, kuku wa jirani wakipiga kelele dirishani.

"Eeh," mama akasema, "sasa umefika."

Mafundi wetu husikia kila kilichopungua kwenye wimbo. Kilichotosha ndicho wasichokisikia.