Koti Nyuma ya Samaki

Mpaka leo sijui ni kamera ipi ingenifaa siku ile. Nimewauliza wanaojua mambo ya picha, kila mmoja akanijibu lake, na kila jibu limeniacha pale pale nilipokuwa. Afadhali nieleze yalivyokuwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, alikuwa amefiwa na mumewe, akabaki kwenye boma la wakwe zake upande wa Uriri, akivaa koti la marehemu. Kwetu ndivyo. Mjane huvaa nguo ya mumewe mpaka mwanamume wa ukoo ule amrithi. Kabla ya hapo haingii nyumba za watu ovyo, na chakula chake watu hawakigusi, wanaogopa chira, ile laana inayomkausha mtu mpaka kaburini. Shemeji yake alikuwa tayari kumrithi. Kila jioni alipita uani kuuliza kama ameshafikiria.

Mama mdogo alikuwa Msabato, na kanisani alikuwa ameshasema wazi kwamba harithiwi na mtu. Lakini koti hakulivua. Jumamosi anamwomba Mungu amtoe katika boma lile, Jumapili koti liko mabegani. Mimi sikumwelewa, na nadhani hata yeye hakujielewa.

Njia ikatokea Homa Bay. Mama mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Nairobi alikuwa anafungua hoteli yenye vyumba karibu na ziwa, akitafuta mpishi atakayekaa huko huko. Masharti yake yalinishangaza. Hakutaka barua wala cheti, alitaka picha. Mpishi alete picha za vyakula vyake, na za watu wakila kwa furaha, kama zile za kwenye magazeti. Zikiwa nzuri atazitundika ukutani.

"Wewe ndiye umesoma," mama mdogo akaniambia. "Tafuta kamera. Piga samaki, piga kuku, piga mboga. Mimi usinipige. Hili koti lisionekane hata kifungo, maana wakiliona tu, nimekwisha."

Nilikuwa nimesomea kupiga chapa, si kupiga picha. Lakini kwa mama mdogo, aliyesoma amesoma.

Nikaenda Migori mjini kwa mwenye studio, bwana mmoja aliyependa kusikia sauti yake mwenyewe. Nilipomweleza alinitazama kama mtu aliyeishiwa akili.

"Nimepiga harusi, nimepiga matanga, nimepiga mpaka ng'ombe wa mnada wa Ogwedhi," akasema. "Chakula watu wanakula."

Hata hivyo akatoa kamera kubwa nyeusi, akapanga lenzi mezani. Akanieleza kwamba namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, na namba ikiwa kubwa tundu ni dogo. Nikauliza kwa nini. Akasema ndivyo ilivyo. Hii ya hamsini inaona kama jicho la mtu. Hii ndefu inamvuta aliye mbali. Halafu kuna hii pete, ukiifunga mbele unapiga hata siafu.

"Na samaki?" nikauliza.

"Samaki ni mkubwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Akabadilisha lenzi, akairudisha ya kwanza, akasema inategemea na jua, akaanza habari za flashi, kwamba usiielekeze kwenye chakula bali kwenye dari. Nyumba ya mama mdogo ilikuwa ya nyasi, dari ingetoka wapi? Kichwa kiliniuma. Nikamwambia nitarudi, nikijua sirudi.

Jirani yetu mwalimu alikuwa na kamera ndogo aliyoletewa na kaka yake. Ilikuwa na kitufe kimoja. "Unabonyeza tu," akasema, "hata mtoto anaweza." Jamani, nilifarijika. Ndani ya boksi mlikuwa na kijikaratasi chenye mchoro wa kamera na mtu, na mshale mrefu kati yao. Nikadhani wanaonyesha kamera ielekezwe wapi. Hilo nilikuwa nalijua.

Mama mdogo alipika siku ile kama anayepikia wageni wa harusi. Samaki aina ya ngege wa kukaanga akamwagiwa mchuzi wa nyanya, kuku, mboga ya osuga iliyolazwa kwenye maziwa, ugali. Tukatoka nje kwenye mwanga. Sahani haikuweza kukaa chini kwa sababu ya kuku wazima na mbwa wa shemeji, basi akaishika yeye mwenyewe, mikono ameinyoosha mbele, uso ameugeuzia kando. Nikamsogelea mpaka samaki akajaa kidirisha chote. Koti sikuliona. Nikabonyeza. Nikasogea karibu zaidi, nikabonyeza tena.

Picha za watu wakila zilishindikana. Nani angekuja kula pale? Nilikula mimi peke yangu, na mimi ndiye nilikuwa na kamera.

Filamu niliipeleka ioshwe Homa Bay kwenyewe, kwa kuwa siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya mwenye hoteli kupokea picha. Nilipofungua bahasha pale studio, nilidhani wamenipa za mtu mwingine. Samaki hakuwepo. Mbele palikuwa na ukungu wa rangi nyekundu, umesogea pembeni, na nyuma ya ukungu lilisimama koti, safi kabisa, vifungo vyote na kiraka cha kiwiko. Picha baada ya picha, koti. Katika moja mama mdogo alikuwa ameinama kumfukuza kuku, na uso wake umetoka wote.

"Ulikaa karibu mno," kijana wa studio akasema. "Hizi ndogo haziwezi kitu kilicho karibu, na kidirisha chake hakioni kile lenzi inachokiona. Kwani hukuona mshale?"

Sasa nifanye nini? Nirudi mikono mitupu, au nionyeshe kile kile nilichoambiwa nifiche? Nilizunguka soko lote nikijiuliza. Mwishowe nikasema liwalo na liwe, nikaingia hotelini.

Mwenye hoteli alizitazama zote bila haraka.

"Chakula sikioni," akasema. "Koti naliona. Mumewe alikufa?"

"Ndiyo, mama."

"Amesharithiwa?"

Nikisema hapana, kazi imekwenda. Nikisema ndiyo, nimemwoza kwa shemeji kwa mdomo wangu. Nikasema sijui, nikajiona mjinga.

"Mimi mwenyewe sina shida," akasema, akinirudishia bahasha. "Lakini wageni wangu ni watu wa hapa hapa. Mtu mwenye koti siwezi kumweka jikoni."

Nilimwambia mama mdogo kila kitu, neno kwa neno. Nilitegemea atalia au atanigombeza. Hakunigombeza. Aliichukua ile picha ya uso wake, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Kioo cha nyumba ile kilikuwa cha marehemu cha kunyolea, na kilichukuliwa na ndugu pamoja na vitu vyake vingine baada ya mazishi. Hakuwa amejiona tangu wakati huo.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama mdogo."

"Ni koti tu hili. Mtu yuko wapi?" Akaiweka picha chini, akasema, "Mficha uchi hazai."

Akalivua. Akalifua kwa sabuni ya kipande, akalianika kwenye waya upande unaotazama nyumba ya shemeji. Niliogopa sana, sikufichi. Jioni shemeji alikuja kama kawaida, akasimama kando ya koti likidondosha maji. Swali lake la kila siku hakuliuliza. Akaenda zake.

Asubuhi mama mdogo alipika ngege, akaifunga sufuria kwa leso, tukaenda Homa Bay pamoja. Mwenye hoteli alikuwa barazani na wageni watatu. Alimtambua kwa uso, kisha akamtazama mabega.

"Koti liko wapi?"

"Nimeliacha kwenye waya," mama mdogo akasema. "Sijarithiwa, na sirithiwi. Samaki ni huyu."

Akaifungua leso. Mwenye hoteli aliwatazama wageni wake, nao wakamtazama yeye. Halafu akavuta kiti, akaitisha maji, akanawa mikono. Akamega samaki, akala. Mgeni mmoja mzee akamtazama akitafuna, akanyoosha mikono yake naye anawishwe. Wale wengine wakafuata, na punde mama mdogo akawa anacheka, sahani mkononi, mwanga wa ziwa umempiga usoni.

Mwenye hoteli akanigeukia, akanawa vidole.

"Hiyo ndiyo picha niliyokuwa nataka," akasema. "Piga sasa."

Kamera nilikuwa nimeshairudisha kwa mwalimu.