Fundi Lakini Agombea Dirisha

Ukumbi ule wa mafundi cherehani ulikuwa na dirisha moja tu la maana. Aliyekaa hapo alishona kwa jua. Wengine walishona kwa taa moja na kudra ya Mungu. Bibi aliyelikalia miaka ishirini alipokwenda kulea wajukuu, mafundi kumi na wawili waliobaki waliamua kupiga kura kwa desturi yao: kila mtu aweke bobini tupu, kile kigurudumu cha kuzungushia uzi, juu ya cherehani ya anayemtaka.

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza Dada Pindo, mshona sare za shule, aliyependekezwa na wenzake akanyamaza, maana maneno aliyatoa kama mtu anayeng'olewa jino. Wa pili ndiye huyu wetu, Fundi Lakini. Jina hilo alilichuma kwa ulimi wake. Katika kila mkutano alianza kwa kumsifu mpinzani mpaka watu walainike, kisha akashusha "lakini" moja tu, na mpinzani akabaki hana pa kushika.

Safari hii hakuwa na mzaha. Macho yalikuwa yameanza kumsaliti. Kutunga uzi kwenye sindano kulimchukua muda wa kunywa chai, na juma lililopita alimshonea karani suruali yenye zipu nyuma. "Fundi," karani aliuliza, "hii niivae nikienda au nikirudi?" Watu walicheka, naye akacheka kuwashinda, ila moyoni alilia. Bila dirisha kazi ilikuwa inamtoka mikononi, na hakumwambia mtu, hata mkewe. Mwanamume mzima akiri kwamba haoni? Heri afe na tai shingoni.

Siku ya kura alipanda juu ya benchi, akakohoa kikohozi cha mheshimiwa.

"Ndugu zangu, kwanza nimsemee dada yetu. Nani hapa hajawahi kuazima mkasi wake? Nani aliugua, akarudi akakuta kazi zake zimekwisha, zimepigwa pasi, na hakuambiwa kafanya nani? Mimi nilipofiwa na mama, nilirudi nikakuta magauni manne ya wateja wangu yananing'inia, yako tayari. Sikuuliza. Pindo lile nalijua."

Hili la mama halikuwa kwenye mpango, lilijitokea lenyewe. Mshona mapazia alianza kujifuta machozi kwa kitambaa cha mteja. Fundi Lakini aliona ukumbi umelainika, akajipongeza kimoyomoyo, akaongeza chumvi.

"Mikono ile imetubeba sote, jamani, na hakuna aliyewahi kuiambia ahsante."

Akavuta pumzi aishushe "lakini" yake. Alikuwa amechelewa. Mshona mapazia alikwishainuka, akaipiga bobini yake juu ya cherehani ya Dada Pindo, na wengine wakamfuata huku wakivuta makamasi.

"Ngojeni, sijamaliza."

"Umemaliza, kaka," alisema mshona suti, akimshika bega. "Ukiongeza utaharibu."

Alishuka, bobini yake mkononi, macho yote yakimtazama. Ajabu ni kwamba hotuba ilikuwa imemwingia hata yeye. Akaenda akaiweka kwa Dada Pindo, ikawa ya kumi na moja. Juu ya cherehani yake mwenyewe ilikuwa imekaa moja tu, ya Dada Pindo.

"Umeshinda?" mkewe alimuuliza jioni nyumbani.

"Hotuba imeshinda."

"Na wewe?"

Akaomba chai.

Asubuhi alipofika kwenye kona yake ya giza, hakuikuta cherehani. Akageuka huku na huku. Kisha akaiona dirishani, imebanwa ubavuni mwa ile ya Dada Pindo, sindano yake imeshatungwa uzi.

"Nani kaileta hapa?"

"Mimi," alijibu Dada Pindo, bila kuinua kichwa. "Tangu siku ya ile suruali nimejua. Kaa."

Akakohoa kile kikohozi chake. "Dada yangu, kwanza niseme..."

"Usinisifu," alisema Dada Pindo. "Nina sare arobaini za kumaliza leo."

Fundi Lakini akafunga mdomo, akakaa, akashona.