Chupa ya Chai Isiyo na Chai

Nilitoka Songea na chupa ya chai ambayo haikuwa na chai. Ndani yake kulikuwa na maji ya baridi na vichupa viwili vya insulini nilivyovifunga kwenye mfuko wa plastiki. Kwa siku mbili za basi niliwakatalia majirani zangu wa kiti waliotaka kumiminiwa kidogo. Makambako, Dodoma, Singida: kila tuliposimama nilinunua maji ya friji nikabadilisha. Niliposhuka Tinde kungoja gari la kwenda machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, maji bado yaliuma vidole.

Migodi nilikuwa nimeizunguka tangu nimalize kidato cha nne. Sukari ilinipata baadaye. Daktari alinieleza kuwa mwili wangu umeacha kutengeneza insulini, kwa hiyo nitajichoma sindano asubuhi na jioni maisha yangu yote.

Mwakitolyo, mama aliyetuuzia chakula alinipa vyungu viwili. Kidogo kiliingia ndani ya kikubwa, katikati tukajaza mchanga tuliokuwa tukiulowanisha kila siku. Humo dawa ilikaa salama hata kiangazi. Lakini wenzangu waliposikia duara jipya, yaani shimo la kuchimbia, limetoa dhahabu upande wa Geita, walifunga mizigo kabla uji haujapoa. Mimi nilibaki na chungu changu, na moyo ukiwafuata.

Ndipo nikazoeana na mnunuzi wa dhahabu, mtu mzima kutoka Kahama, tuliyemwita bosi. Naye alikuwa na sukari, ila alijichoma mara moja tu kwa wiki, kwa sindano yenye umbo la kalamu aliyoletewa kutoka Dar es Salaam. Kitambi kilikuwa kimeisha, na alijivunia.

"Yako inashusha sukari tu, mdogo wangu," alisema. "Hii inalinda mpaka mishipa ya damu."

Mdomoni nilibisha kwamba mishipa yangu ni mizima kuliko yake, naye akaahidi kunipa kalamu moja. Sindano moja kwa wiki. Nilijiona tayari niko njiani, insulini nimeiacha chunguni.

Kule jiwe halinunuliwi kwa maneno. Husagwa, huoshwa, ndipo bei itajwe. Wachimbaji walipochoka na ubishi wetu wakadai sampuli: twende zahanati, muuguzi aseme mishipa ya nani ni mizima. Muuguzi, mama wa Kisukuma asiyependa mzaha, alikuwa na kawaida ya kutafuta mapigo ya damu kwenye miguu ya kila mwenye sukari. Tukavua viatu. Mlango ulijaa watu kama mnadani.

Kwangu aliyapata mara moja. Kwa bosi, mguu wa kushoto, alihamisha vidole, akatafuta juu ya unyayo, kisha nyuma ya kifundo, asipate kitu.

"Duara limekauka," mmoja akasema mlangoni.

Bosi akakiri kwamba shavu la mguu humuuma akitembea, tangu kabla ya hiyo kalamu. Pakiti ya sigara ilichungulia mfukoni mwake. Mimi nikaanza kutabasamu, muuguzi akaniona.

"Usishangilie, baba. Dawa yake ni nzuri, na kwa sukari ya aina yake inasaidia kweli moyo na mishipa. Imekuta sigara imeshatangulia. Yako nayo, sukari ikikaa sawa, mishipa inaepuka shida nyingi. Lakini wewe ukiiacha insulini ukashika ya mwenzako, wiki haiishi tunakuzika."

Kisha akatanua vidole vyangu vya mguu, akanionyesha ufa ambao sikuwahi kuuhisi. Maji ya duara, akasema. Nichague duara au mguu.

Bosi alipelekwa Mwanza, wakamzibulia mshipa. Akarudi na miguu yote miwili, bila sigara, akibisha vilevile. Ufa wangu ulichukua wiki nyingi kufunga, na katika kukaa huko nilijicheka. Nilikuwa nimekilaumu chungu kwa kunifunga, wakati insulini hiyohiyo ilikuwa imetoka nami Songea ndani ya chupa.

Ufa ulipofunga nilimrudishia mama wa chakula vyungu vyake. Akanijazia maji ya baridi kwenye chupa, nikamwambia wabeja, yaani asante, akacheka Kisukuma changu. Tinde nilipanda basi la kusini. Kabla hatujafika Nzega, jirani yangu aliitazama chupa, akauliza kama chai ina tangawizi.

Mwakitolyo sijarudi. Duarani pia.