Neno la Kaka Lililokwama Ofisini

Baba tulimzika katikati ya masika, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Mama akaingia ndani. Katika ukoo wetu mjane hukaa kwenye mkeka chumbani, hagusi jembe wala hatoki nje ya ua, mpaka mzaliwa wa kwanza atoe neno la kuanua matanga. Neno hilo halisemwi na mtu mwingine. Hata akiwa mbali, linangojewa.

Kaka alikuwa mbali kweli. Alikuwa anasoma Ulaya, na namba ya simu ya huko alikohamia hatukuwa nayo. Mimi nilikuwa nafanya usafi katika ofisi moja pale Ifakara, elimu yangu darasa la saba, na katibu wa ofisi ndiye aliyenifungulia sanduku la barua pepe. Siku ya pili baada ya mazishi tulimwandikia kaka humo.

Niliporudi baada ya wiki kuangalia jibu, sanduku halikufunguka. Ulikuja ukurasa mweupe wenye maneno mekundu ya Kiingereza, na katibu akanisomea polepole. Programu yetu ya kufungulia kurasa za intaneti ilikuwa imepitwa na wakati, wezi wangeweza kuitumia kusoma barua za watu. Kwa usalama wetu, tangu wiki ile hatungeruhusiwa kuingia mpaka tuweke mpya. Katibu akasema mashine hii imestaafu kabla yake. Mimi sikucheka.

Alijaribu kuivuta programu mpya kwa laini ya simu. Ilifika robo, mvua ikanyesha, laini ikakatika. Kesho yake ikawa vilevile. Mwishowe aliagiza diski Dar es Salaam, lakini barabara ilikuwa imekatika upande wa Mkula na mabasi hayapiti. Nilituma na barua ya posta chuoni kwake, nikijua ingechukua mwezi na zaidi.

Mpunga wa mama, kule Kivukoni, ulikuwa unaanza kukomaa. Majirani walishajenga vichanja vya kukaa na kuamia ndege wasile mpunga. Kila asubuhi mama aliniuliza kama kaka amesema, kisha akauliza kama ndege wameshaanza kushuka. Nilimwambia wameshaanza. Niliwahi shambani kabla ya kazi na nilirudi tena baada ya kazi. Katikati ya hapo shamba lilikuwa la ndege.

Baba mdogo alikuja na wazee wengine kuuliza. Nilipowaeleza, akasema, "Kwa hiyo huyo mlinzi wa kwenye mashine hajaambiwa kwamba tumefiwa?" Wazee wakacheka kidogo. Baadaye akanifuata jikoni.

"Mwanangu, hayo mambo ya mashine unayajua wewe peke yako. Ukituambia kaka yako kasema, nani atabisha?"

"Hajasema, baba."

"Kwani atasema nini kingine?"

Nilibeba uji nikaingia chumbani kwa mama, na ile sentensi nilikuwa nayo mdomoni, tayari kabisa. Mama aliinua kichwa chake kilichonyolewa akanitazama. Nikaweka uji chini.

"Bado," nikasema.

Diski ilifika wiki ya nne. Kuiweka kulichukua karibu asubuhi nzima. Sanduku lilipofunguka, jibu la kaka lilikuwamo. Alikuwa ameliandika siku moja tu baada ya barua yetu: "Mtoeni mama aende shambani kwake. Msinisubiri." Nililisoma mara tatu. Katibu akanichapia kwenye karatasi.

Niliwasomea wazee. Baba mdogo alisikiliza bila kunitazama. Mchana uleule wakamtoa mama. Yeye aliuliza barua iliandikwa lini, nikamtajia siku. Akahesabu kwa vidole.

"Kumbe ungesema uongo," akasema, "ungekuwa umesema kweli."

Hakuwa na hasira. Alichukua kisu cha kuvunia, nikamfuata nyuma mpaka Kivukoni. Kwa majirani mpunga ulikuwa umeinama. Kwetu mashuke mengi yalikuwa yamesimama wima. Mama alikata moja, akalipukuchua kiganjani, akapuliza. Makapi yote yakaruka, kiganja kikabaki kitupu. Akakata la pili.