Sauti ya Niagalé Iliyobanwa na Mumewe

Saa tatu asubuhi, kando ya soko mjini Bamako, Mamoutou Keïta anachomeka memori kadi kwenye kompyuta yake iliyofutika herufi. Mteja wake, dereva wa lori aitwaye Coulibaly, anataka nyimbo elfu mbili.

"Kadi yenyewe ndogo, mla maharage we!" Mamoutou anamtania, kwa utani wa koo zao. "Nikizibana zipungue ukubwa zienee humo, ngoma itasikika kama inapigwa ndani ya gunia."

"Bana tu, mtani! Lori langu lina kelele kukushinda wewe."

Wanacheka. Dereva akishaondoka, Mamoutou hana wa kucheka naye.

Ana miaka hamsini na minne, na kazi hii ya kuwajazia watu nyimbo ndiyo iliyomwoza mke. Zamani foleni ilifika mlangoni kwa fundi cherehani. Siku hizi watu wanasikiliza kwa intaneti, naye akipata faranga elfu mbili kwa siku anashukuru. Nyumbani hakuna anayemngoja.

Mkewe, Niagalé, alikuwa akiimba huku akitwanga mtama, na siku moja akajirekodi kwa simu, ambayo baadaye iliibwa. Rekodi ikabaki kwenye kompyuta ya mumewe. Msimu mmoja wa mvua kompyuta ikajaa. Mamoutou akabana nyimbo zote kwa mkupuo, akafuta zile nzito za awali. Wimbo wa mkewe ukapita humo humo.

"Alinicheka," anakumbuka. "Akaniambia, 'Hata mimi umenibana, baba we?' Nikamwambia nitakurekodi tena. Mtu yuko hapo jikoni, una haraka gani naye?"

Mwaka uliofuata Niagalé akafariki.

Wenzake humshauri aurudishe wimbo kwenye ubora wa juu. Ushauri huo humchoma.

"Maji yakimwagika hayazoleki," anasema. "Haya yaliyobaki kwenye kata, ukiyamimina kwenye pipa, yataongezeka?"

Tumaini lake ni shemeji yake, Sitan, anayeishi mji wa Sikasso. Niagalé alimtumia dada yake huyo rekodi ile kabla haijabanwa. Simu ya Sitan ilikufa zamani, lakini hakuitupa, na ameahidi kuja nayo sikukuu ya Tabaski, Idi ya kuchinja. Fundi simu ameshaambiwa.

Isipowaka je?

"Itawaka," anajibu kwa ukali, kisha sauti inalegea. "Maneno ya wimbo nayajua yote. Ila katikati, kabla hajapandisha sauti, alikuwa akivuta pumzi. Kwenye huu wangu haisikiki. Nataka nimsikie akipumua."