Gunia la Damu Nyuma ya Kaloleni

Lile gunia lenye damu lililokuwa likiburutwa nyuma ya nyumba za Kaloleni asubuhi na mapema, miaka ile ya themanini, lilikuwa langu. Nimelikana muda mrefu. Jirani aliyeniona aliwaambia wenzake kwamba yule msomi wa nyumba ya kona ni jajuok, mchawi kamili, nami nikaapa mbele ya akina mama wa kanisa kwamba saa hizo huwa nimelala. Chuo kikuu hakikunifundisha namna ya kueleza gunia kama lile.

Kaka yangu alikuwa askari wa wanyamapori, na kambini kwao mbwa hawakuruhusiwa. Akaniletea mmoja wa rangi ya vumbi, sikio moja limechanika, nimfundishe kufuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa. Jioni nilichukua damu ya ng'ombe machinjioni, nikaloweka gunia, nikaliacha lilale. Asubuhi naliburuta, nalificha, kisha namfungulia mbwa. Akilipata anapewa kipande cha utumbo, nao umelala vilevile. Kadiri mbwa alivyozidi kuwa hodari, ndivyo mimi nilivyozidi kuwa mchawi.

Halafu kiboko akaingia kwenye mahindi ya jirani yetu kijijini, si mbali na Pap Onditi. Kaka alimpiga risasi Jumamosi jioni, ikampata ubavuni, mnyama akapotelea gizani. Kiboko mwenye jeraha haulizi aliyempiga ni nani. Anayekutana naye kwanza ndiye atakayelipa. Jumapili kaka alikuja Kisumu kutuchukua, mbwa na mimi, kwa sababu mbwa hakusikia amri ya mtu mwingine.

Tulianzia kwenye mahindi yaliyolazwa. Damu ilikuwa imekauka, nyeusi juu ya majani. Nusu ya kijiji ilitufuata na mabeseni na visu, wakigawana nyama ambayo bado ilikuwa inatembea. Mbwa aliinamisha pua, akavuta kamba kuelekea ziwani, hadi ukingo wa mafunjo, mahali ambapo huoni hata ncha ya bunduki yako. Kaka akainua bunduki. Mafunjo yalitikisika kidogo, labda upepo. Kisha mbwa akageuka, akatuvuta kurudi tulikotoka, moja kwa moja hadi bomani kwetu.

Nyuma ya jiko mama alikuwa amechinja kuku. Kaka amekuja na mwenzake; wageni wenye bunduki nao ni wageni, hawawezi kuondoka midomo mikavu. Damu ilikuwa mbichi kwenye nyasi.

"Madam," yule askari mwenzake akaniambia, "hii mbwa yako ni ya mchuzi."

Watu wakacheka vile wanavyocheka walioogopa. Mimi nilicheka kuwashinda. Mbwa alikuwa amekaza miguu, anataka kuendelea mbele. Nikamfunga kwenye nguzo ya ghala.

Kaka akaamua kwamba kiboko yuko kwenye mafunjo. "Ziwani asiende mtu," aliwatangazia. "Maji mchote korongoni."

"Sawa," mama alisema. "Kesho asubuhi mimi wa kwanza."

Nilirudi Kisumu jioni ile kwa sababu ya kazi, mbwa nikamwacha kwa kaka.

Jumatatu ofisini, kikombe cha chai mkononi, nilimwona tena akilini yule mbwa akipita kando ya kichwa cha kuku. Hakukinusa. Nilikuwa nimemlea kwa damu iliyolala. Damu mbichi haikuwa kazi yake. Jikoni tulisimama sisi. Yeye alitaka kupita, na nyuma ya boma letu hapakuwa na kitu ila korongo.

Nikapiga simu ya duka moja pale Pap Onditi. Laini haikushika. Nikapiga tena. Tena. Bosi alisimama mlangoni akanitazama.

"Kuna msiba?"

"Bado," nikasema.

Nilikuwa natafuta mkoba wangu niende nyumbani simu ilipolia. Alikuwa kaka, akihema.

"Dada, mbwa wako alikata kamba."

"Mama yuko wapi?"

"Ngoja nikuambie—"

"Mama yuko wapi?"

"Si yuko hapa dukani, ananunua chumvi. Alikuwa ameenda maji. Mbwa akampita njiani, akasimama ukingoni kubweka, akakataa kunyamaza. Mama akaacha ndoo, akarudi kuniita. Kiboko alikuwa kwenye kidimbwi, chini ya kichaka, bado anapumua. Nimemmaliza."

Nikasikia simu ikibadilishwa mikono, kisha sauti ya mama, kubwa, kama mtu anayeniita kutoka ng'ambo ya shamba.

"Nyathina, mwanangu, nimempa huyu mbwa kuku mzuri, wa leo leo. Amekataa. Kwani huwa anakula nini?"

"Utumbo, mama," nikasema. "Wa jana."