Pikapu Iliyokataa Kuzimika

Kama uliwahi kutumiwa ile video ya mwanaume mnene wa Mwanza aliyeingiza kichwa ndani ya boneti ya pikapu, moshi umemfunika mpaka kiunoni, mikono yake imeng'ang'ania kitenge cha mama mmoja na mama mwenyewe amesimama nyuma yake amemkaba kola ya shati, basi usihangaike kuuliza ni nani, yule ni mimi, na yule mama ni mama mkwe wangu.

Ngoja nieleze taratibu, maana kueleza ndiyo kazi yangu. Nafundisha udereva Mkuyuni, wanafunzi wangu wengi ni watu wazima wanaotetemeka mikono, na sijawahi kumfokea hata mmoja. Mtu akiachia klachi vibaya gari likazima katikati ya barabara, na kila mmoja wao hulizima, namwambia, "Hongera, umejua kulizima, sasa tujifunze kuliwasha," anacheka, tunaendelea. Shida ni kwamba ukifundisha udereva watu huamini unajua na injini, na ukiaminiwa kwa muda mrefu, hata wewe unaanza kuamini.

Mama Kabula, mama mzazi wa mke wangu, anafanya biashara ya mchele, ananunua Misungwi anauza huku mjini, na alikuwa amechoshwa na magari ya kukodi. Mara ya mwisho dereva alimshushia magunia pale Usagara mvua ikinyesha, akaenda kubeba mzigo wa mtu mwingine, mchele ukalowa ukaanza kunuka, hasara yote ikawa ya mama. Basi akaamua kununua pikapu yake mwenyewe, ya dizeli, na akiba yake yote ya biashara ingeishia humo. Akipata mbovu, hana gari wala mtaji. Ndipo akamwambia mke wangu, "Mwambie baba Neema akaniangalizie."

Asiyejua mila zetu Wasukuma ataona ni ombi dogo. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali, hamketi kiti kimoja, hampeani mkono, mkikutana kwenye njia nyembamba wewe unaingia kwenye majani kumpisha. Tangu nimwoe binti yake, mama yule hakuwahi kuniomba kitu. Niliposikia ametaja jina langu nilitembea kifua mbele siku nzima, mke wangu akaniuliza kama mgongo unauma.

Pikapu ilikuwa uani kwa Bwana Rashidi, mfanyabiashara wa vipuri ambaye familia yake ipo hapo Mkuyuni tangu enzi za babu yake, jirani kabisa na soko. Nilikwenda na Masanja, mdogo wake mke wangu, mtu ambaye utani kwake ni kama chakula. Mama mkwe naye alikuja, akapewa kiti karibu na uzio, nami nikasimama upande wa pili wa gari, kwa adabu, nikawa nazungumza na Masanja kwa sauti kubwa ili yeye asikie bila mimi kumwelekea.

Na kwa kweli nilianza vizuri, hata leo sirudishi nyuma maneno yangu. Kwanza niliweka kiganja juu ya injini, ilikuwa baridi.

"Unaona, Masanja? Muuzaji akikuwashia gari kabla hujafika, jiulize kwa nini. Injini ya dizeli iliyochoka inakuwa ngumu kuwaka ikiwa baridi, ikishapata moto inajifanya kijana."

"Kama wewe, shemeji," Masanja akajibu, "mpaka upate chai."

Nikalala chini nikatazama chesisi, nikaeleza kwamba pikapu nyingi za huku kwetu zimebeba samaki, maji ya barafu yanadondoka humo safari baada ya safari mpaka chuma kinaliwa, kwa hiyo kabla ya kuangalia kwa macho nusa kwanza. Hii haikunuka. Ikawashwa, ikawaka mara moja. Nikafungua kofia ya oili injini ikiwa inaunguruma, nikaeleza kwamba moshi ukitoka pale kwa nguvu kama birika linalochemka basi injini imekwisha ndani, na hapo napo palikuwa patulivu. Watu wa sokoni wakaanza kusogea. Mama mmoja muuza nyanya akaacha meza yake kabisa akaja kusikiliza. Nikaeleza na moshi wa ekzosi, mweusi ni mafuta yasiyoungua, wa bluu ni oili inaungua, mweupe usiokwisha uogope, na watu wakawa wanaitikia kwa vichwa, nami (Mungu anisamehe) nikawa nahubiri. Nikachomoa hata chujio la hewa, nikalikung'uta ili waone vumbi, nikaliweka juu ya tairi la mbele, mdomo wa bomba linaloipelekea injini hewa ukabaki wazi.

Bwana Rashidi akasema kwa upole, "Mwalimu, angalia kila kitu, ila usiipige resi sana. Turbo yake ni ya zamani, inataka ustaarabu."

Turbo, kwa asiyejua, ni kile kifaa kinachoisukumia injini hewa ili ipate nguvu. Mtu mwenye akili angeuliza, "Inataka ustaarabu kwa nini?" Swali moja tu, jamani. Mimi nikajibu, "Bwana Rashidi, mlima ukiwa mbele na mchele ukiwa nyuma, ustaarabu unasaidia nini?"

Watu wakacheka. Na katikati ya vile vicheko nikasikia kimoja kidogo, cha upande wa uzio, mama mkwe wangu amecheka. Kicheko kile ndicho kilichoniponza. Niliingia ndani ya gari, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho, nikashikilia ili kila mtu asikie injini nzima inavyolia.

Ililia vizuri. Kisha nikatoa mguu, na sauti haikushuka.

Nilidhani pedeli imekwama, nikainama kutazama, pedeli imerudi juu yenyewe na mguu wangu uko pembeni kabisa, lakini injini ndiyo kwanza inapanda, inalia kama kitu kinachinjwa, usukani unatetemeka. Nikazungusha ufunguo. Hakuna. Nikauchomoa. Nikautazama ufunguo mkononi mwangu, nikatazama dashibodi, gari linazidi kunguruma bila ufunguo, na nawaambieni ukweli, katika maisha yangu yote ya kufundisha sikuwahi kufikiri kwamba gari linaweza kukataa.

"Shemeji, zima!" Masanja anapiga kelele.

"Nimezima!"

"Umezima nini, mbona linaongezeka?"

Nikamwonyesha ufunguo kupitia dirishani. Akautazama, akanitazama, akakimbia. Shemeji yangu mwenyewe, alikimbia.

Nami nikaruka nje. Hapa ndipo nataka mnicheke vizuri, maana dawa ilikuwa miguuni pangu: ningeweka gia kubwa, nikakanyaga breki kwa nguvu zote, nikaachia klachi, gari lingezima pale pale. Kitu kile kile ambacho wanafunzi wangu wanakifanya kila siku bila kutaka, mwalimu wao alikisahau siku aliyokihitaji.

Moshi sasa ulikuwa wa bluu na mzito, umejaa ua, umevuka uzio, umefunika barabara. Bodaboda zimesimama. Mtu anapiga kelele "Moto! Moto!", mwingine amekuja mbio na ndoo ya mchanga hajui amwage wapi. Bwana Rashidi naye, simwoni, nasikia sauti tu: "Limeanza kunywa oili yake! Ziba hewa! Ziba pale kwenye bomba!" Nikanyoosha kiganja. "Siyo mkono, litakumeza! Kitambaa! Tafuta kitambaa!"

Nikapapasa ndani ya moshi kushoto, hakuna kitu, nikapapasa nyuma yangu, nikashika kitambaa. Nikavuta. Kikagoma. Nikavuta kwa nguvu zaidi, nikasikia "Weee!", lakini kwa kelele zile sauti zote zilifanana, kikaachia, nikakisokomeza kwenye ule mdomo wa bomba. Injini ikakivuta kwa pupa, ikakohoa mara mbili, ikatikisika, ikafa.

Kimya. Kimya ambacho sijawahi kukisikia Mkuyuni mchana.

Moshi ukaanza kuinuka taratibu, kutoka chini kwenda juu. Nikaona ndala za kike nyuma ya viatu vyangu. Nikaona gauni. Nikahisi kola ya shati langu imeshikwa. Nikageuka, uso kwa uso, karibu kuliko nilivyowahi kuwa tangu nioe, na mama mkwe wangu, na kitenge chake cha kiunoni ndicho kilichokuwa kinaning'inia kutoka kwenye injini.

Simu zilikuwa juu kama kwenye harusi. Muuza nyanya ndiye aliyeanza: "Mwalimu, hilo nalo ni somo la ngapi?"

Masanja, ambaye ujasiri ulimrudia baada ya hatari kupita, alifungua ule mpira unaotoka kwenye turbo, akaingiza kidole. Kikatoka cheusi mpaka kwenye fundo, oili nzito, ya zamani, ndiyo ile injini ilikuwa inaivuta na kuiunguza badala ya dizeli, na ndiyo maana ufunguo haukusaidia kitu. Bwana Rashidi akatazama kile kidole, akakaa juu ya tairi. "Nilijua inavujisha kidogo," akasema. "Sikujua ni hivi. Wallahi sikujua ni hivi." Hakutulaumu, wala sisi hatukuwa na nguvu ya kumlaumu. Mama mkwe alikuwa ameshaondoka, Masanja akamfuata, na mimi nikarudi kwa mguu nikipita njia za nyuma.

Jioni hiyo wanafunzi wangu wote walikuwa wameiona video. Baba mdogo wa mke wangu akapiga simu, akasema aibu ya namna ile haifutwi kwa pole, nipeleke kondoo na kitenge kipya. Nikapeleka. Nilikabidhi mlangoni, mama mkwe hakutoka. Nilirudi nikiwa na hakika kwamba nimemaliza heshima yangu kwenye familia ile, mpaka mke wangu aliporudi kutoka kwa mama yake akiwa anajifuta machozi ya kicheko. Nikamuuliza mama amesema nini.

"Amesema, 'Mimi niliingia kwenye moshi kumtoa asife, yeye akanivua.'"

Mama ambaye hajawahi kunigusa hata kidole alivunja mila mbele ya soko zima ili anivute nisilipukiwe na gari, nami sikujua. Hilo lilinishtua kuliko ule ufunguo.

Baadaye ikapatikana pikapu nyingine, Misungwi. Ujumbe ukaja tena kupitia mke wangu: "Mwambie baba Neema aje, atazame, aeleze, lakini asiguse kitu." Nikaenda. Nilisimama mikono nyuma nikimwelekeza Masanja, naye akafungua mpira wa turbo kabla injini haijawashwa, akaingiza kidole, kikatoka kikavu. Mama mkwe akatikisa kichwa kukubali, akainunua, na mpaka leo mchele wake unafika.

Basi wewe unayekwenda kununua pikapu ya dizeli, usiogope, utaweza, siyo kazi ya wachawi. Nenda injini ikiwa baridi, nusa, tazama moshi, ingiza kidole kwenye mpira wa turbo injini ikiwa imezimwa, na muuzaji akikuambia gari linataka ustaarabu, muulize kwa nini, kisha nyamaza umsikilize. Mimi nimeapa sitakanyaga tena mafuta ya gari la mtu ili watu wanisikie, hasa akiwepo mtu ambaye kicheko chake nakitamani.